Maua ya harusi Mtwara na Lindi: maswali mnayoniuliza kila msimu

Kazi yangu ni maua. Nimeyafunga, nimeyapakia kwenye ndoo nyuma ya kirikuu, na nimekaa kwenye kamati za harusi kuanzia Mikindani mpaka Masasi nikisikiliza watu wakibishania rangi mpaka usiku. Maswali ninayopigiwa simu ni yale yale, na watu wana haki ya kuuliza, maana fedha ya maua ni michango ya ndugu na majirani. Nimeyaweka hapa ili hata asiye na namba yangu apate pa kuanzia.

Nimchukue mpambaji wa Dar es Salaam au wa hapa hapa?

Kwanza tenganisha kazi mbili ambazo kamati nyingi huzichanganya. Kuna mapambo, yaani vitambaa, taa, viti, jukwaa na mapazia ya nyuma ya meza kuu. Halafu kuna maua mabichi. Vitambaa na taa vinaweza kupakiwa Dar siku tatu kabla na vikafika vizima. Ua lililokatwa limeshaanza kufa, na kila saa ya njiani inatoka kwenye saa ambazo lingekaa mezani kwako.

Mpambaji wa Dar ana faida zake. Mji ni mkubwa, wauza maua ni wengi, na mtu anayefanya harusi kila Jumamosi mkono wake unakuwa mwepesi. Lakini pia amezoea kwamba mashina yakipungua anamtuma boda, na baada ya nusu saa yamefika. Hapa hakuna boda wa kumtuma. Kama hakuyahesabu vizuri kabla ya kuondoka, meza sita za mwisho zitabaki na majani.

Kwa harusi ya kawaida ya watu 200 au 300, mimi ningemchukua wa hapa kwa maua. Kama moyo wako uko kwenye jukwaa na taa za Dar, waagize wa Dar kwa hivyo tu. Wakutanishe kwa simu kabla hujamlipa yeyote, kila mmoja ajue mpaka wake. Na ukimchukua wa Dar kwa vyote, asifike asubuhi ya harusi. Afike jana yake. Nauli, malazi na chakula vya watu wangapi, hayo yaandikwe mapema, kwa sababu huko ndiko bajeti inakovujia.

Swali gani la kwanza nimuulize?

Muulize hivi: "Maua yangu yatalala wapi usiku wa kuamkia harusi?"

Nyamaza, msikilize. Anayejua kazi atakujibu papo hapo: chumba fulani, kina kiyoyozi au hakipigwi na jua, ndoo kadhaa, maji yatabadilishwa saa fulani. Asiyejua atakwambia, "Usijali dada, tumezoea." Jibu hilo lilishanifanya nimshauri mama mmoja wa Ligula arudishiwe advansi yake, na sikujutia.

Nieleze kwa nini. Desemba na Januari joto la mchana hapa Mtwara linapita nyuzi 30, na hewa ina unyevu. Waridi lililokatwa linapenda ubaridi wa nyuzi 1 hadi 4. Hatuna vyumba vya namna hiyo kila mtaa, wala si lazima. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 18 kwa usiku mmoja kinatosha kabisa, mradi maua yamekunywa maji. Kunywesha ndiko kazi yenyewe: mashina yanakatwa mshazari kwa kisu kikali, majani yote yatakayozama yanatolewa ili yasioze na kuchafua maji, kisha yanasimamishwa kwenye ndoo safi kwa saa kadhaa kabla mtu hajagusa sponji, lile la kijani la kuchomekea mashina, wala waya. Ukimkuta mtu anakata mashina kwa mkasi butu, ujue mirija ya shina inabanwa na maji hayapandi.

Kuna jambo moja wengi hawalijui. Usilaze maua chumba kimoja na matunda yanayoiva. Ndizi, papai na embe vinatoa gesi ya kuivisha, ile ile inayowafanya watu wafungie ndizi kwenye pipa ziive haraka. Gesi hiyo inayazeesha maua. Karanesheni ndiyo inayoumia zaidi: inajifunga kama inayosinzia na haifunguki tena. Harusi zetu nyingi zinaangukia msimu wa embe, na chumba kinachotafutwa kuwa cha baridi ndicho hicho hicho mama mwenye nyumba alichowekea tenga la embe. Kagua mwenyewe.

Friji ya nyumbani nayo ina mtego wake. Waridi litavumilia, ukiondoa matunda. Lakini anthurium, okidi na maua mengine ya nchi za joto yakikaa chini ya nyuzi 12 hivi yanaungua kwa baridi na kutoka na mabaka meusi.

Mawaridi tunayoyaona hapa yanatoka wapi?

Mengi ya mashambani hapa nchini yanatoka upande wa Arusha na Kilimanjaro, kwenye miinuko yenye usiku wa baridi. Waridi linataka usiku wa namna hiyo ili likue taratibu, liwe na shina refu na kichwa kikubwa. Kutoka Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600, na kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi. Kwa hiyo waridi unaloliona Shangani, hapa Mtwara, limeshasafiri zaidi ya kilomita 1,100. Ukilijua hilo hutashangaa bei, na utaelewa kwa nini swali la kulala lina uzito.

Yaje kwa basi au kwa ndege?

Kwa ndege, kama fedha ipo na shehena ni ndogo. Dar na Mtwara ni mwendo wa saa moja hivi angani. Kwa basi ni kutwa nzima, na buti la basi ni joto tupu.

Nitawaambia lililotupata. Harusi ya mtoto wa dada yangu ilikuwa Desemba. Muuzaji mmoja wa Dar alituahidi kwamba mawaridi meupe 250 yatapanda basi la alfajiri kwenye maboksi yenye matundu, na kijana wake atasafiri nayo. Kijana hakusafiri. Maboksi hayakuwa na tundu hata moja. Jioni stendi, konda alipofungua buti, hewa ilitoka kama ya tanuri, na juu ya maboksi yetu palikuwa na viroba vya embe. Nilifungua boksi la kwanza pale pale chini. Kingo za petali zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na shingo za maua zimepinda zote upande mmoja.

Hatukuyatupa. Tulikata mashina upya yakiwa ndani ya maji, tukayaviringisha kumi kumi kwenye magazeti yaliyobana vichwa visimame, tukayazamisha mpaka shingoni kwenye maji ya uvuguvugu, tukazima taa. Saa sita usiku kama 70 yalikuwa yamenyanyuka. Hayo yalitosha shada la bibi harusi na meza kuu. Meza za wageni zilipata majani matupu, na dada yangu alilia jikoni.

Tangu siku hiyo masharti yangu ya basi ni haya: boksi lina matundu, mashina yamefungwa kitambaa au gazeti bichi, boksi linakaa juu na abiria na siyo kwenye buti, na kuna mtu anayesafiri nalo. Asipopatikana mtu, sipokei mzigo.

Wakati wa masika ongeza siku nzima ya tahadhari. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakalala njiani. Harusi ya Aprili au Mei isitegemee ua linalopita Kilwa siku hiyo hiyo.

Mpambaji ametuma picha nzuri sana WhatsApp. Zinatosha?

Hazitoshi. Picha nyingi zinapigwa saa mapambo yanapomalizika, na nyingine si zake, zimeokotwa Instagram. Mwombe video ya harusi yake mwenyewe iliyopigwa saa nne usiku, wakati wa keki au wa zawadi. Hapo ndipo utaona kama vichwa vya maua bado vimesimama. Bora zaidi ni kuhudhuria. Mwambie akutajie harusi yake ijayo, uombe ruhusa kwa wenyewe, upite ukumbini dakika kumi. Bonyeza waridi taratibu chini ya kichwa, pale petali zinapokutana na shina: likiwa gumu ni bichi, likibonyea limechoka.

Maua gani yanavumilia joto letu?

Krizantemu ni mvumilivu, na watu wanalidharau bure kwa kuwa si waridi. Anthurium nalo linakaa siku nyingi, lina umbo safi na halihitaji kubembelezwa. Okidi hivyo hivyo. Waridi linawezekana likitunzwa kama nilivyoeleza. Haidrenjia ninawashauri muiache: inakunywa maji kuliko yote, na kwenye jua la saa tisa inanyauka mbele ya macho yako. Lili ni nzuri na inanukia, ila unga wake wa katikati ukigusa shela hautoki, kwa hiyo muulize mpambaji kama huwa anaung'oa mapema.

Ya hapa hapa je? Bogenvilia imejaa kwenye nyua zetu, inapendeza kwenye lango, lakini ikikatwa haina maisha marefu, kwa hiyo ikatwe mchana huo huo. Msanapichi, ule wenye utomvu mweupe, unanukia vizuri, ila utomvu wake unachafua nguo. Uutumie kuelea kwenye bakuli la maji, usiushikishe bibi harusi.

Na majani! Mtu wa kusini analipia majani ya kutoka Dar wakati amezungukwa na minazi. Kuti changa, lile la katikati ambalo bado lina rangi ya maziwa, likisukwa na fundi anayejua linapendeza kuliko kitambaa chochote cha dukani. Miashoki, mikindu, hata migomba miwili iliyosimamishwa langoni kama walivyofanya wazee. Mpambaji anayekataa majani ya hapa bila kukupa sababu, mimi naona hajaiona nchi anayoifanyia kazi.

Bibi yangu anataka kikuba na makoja ya asumini, mpambaji anasema hajui. Nifanyeje?

Mtafutie bibi watu wake, na usimlazimishe mpambaji. Hii ni kazi nyingine yenye mafundi wake, na wengi ni akina mama wa Mikindani, wa Lindi mjini na wa Kilwa ambao hawana ukurasa wowote wa mtandaoni.

Asumini inachumwa ikiwa bado imefumba, alasiri, kwa sababu inafunguka jioni na harufu yake iko hapo. Inatungwa kwa sindano nyembamba na uzi, sindano ikipita kwenye kikonyo na siyo kwenye petali. Niliwahi kukaa na mama mmoja mzee aliyekuwa akitunga koja bila kutazama mikono yake. Maneno yake yote yalikuwa kwa mjukuu aliyeshika kikapu: "Iliyofunguka weka kando, hiyo ya kunyunyiza kitandani." Kikuba kina rihani, asumini, na mpachori au mkadi ukipatikana, vyote vikifungwa pamoja kidogo kidogo ili kikae kifuani au kwenye nywele. Vitu hivi ni vya usiku mmoja. Vinalazwa kwenye kitambaa kibichi au jani la mgomba mpaka saa ya kuvaa.

Muagize mtungaji wiki mbili kabla, maana anategemea miti ya nyua za watu, na miti haichanui kwa ratiba ya kamati. Mlipe kwa heshima. Wengi wanaona haya kutaja bei kwa mtoto wa jirani, na kamati zinaitumia haya hiyo vibaya.

Maua ya bandia ni aibu?

Si aibu. Juu darini, kwenye lango refu, na mahali ambapo hakuna mkono utakaogusa, weka ya kitambaa yaliyo mazuri. Mabichi yaende yanakoonekana kwa karibu: shada, kifua cha bwana harusi, meza kuu, keki. Kinachokera ni kudanganywa. Mkataba useme ni mangapi mabichi na ni mangapi ya bandia, kwa idadi. Neno "mchanganyiko" halitoshi.

Bei inapangwaje? Kamati inasema tunaibiwa.

Hesabuni mashina. Meza 30 kwa mashina 8 ni 240. Shada la bibi harusi ni kati ya 20 na 30. Meza kuu labda 60. Ongeza moja katika kila kumi kwa ajili ya yatakayovunjika. Uliza bunda lina mashina mangapi, maana kuna la 10 na kuna la 20, na ugomvi mwingi ninaousuluhisha umeanzia hapo. Kisha weka usafiri, sponji, ndoo, vyombo vya kukodi, na mikono ya watu watakaokesha. Mkishaiona hesabu hiyo kwenye karatasi, mtaelewa kama mnaibiwa au la.

Na niseme kwa upande wa mafundi pia. Kamati ikipunguza bei kwa theluthi na bado ikataka meza 30, fundi anabaki na njia moja: kununua maua ya juzi. Kama fedha ni ndogo, punguza meza zinazowekewa maua. Usipunguze umri wa ua.

Advansi kiasi gani, na kwenye mkataba kuwe na nini?

Nusu ni kawaida, kwa sababu maua yananunuliwa kwa fedha taslimu. Salio lilipwe mapambo yakishasimama, kabla wageni hawajaingia. Kumsotesha fundi wiki mbili baada ya harusi ni dhuluma. Alipe mweka hazina, kwa njia inayoacha kumbukumbu, na risiti ibaki.

Mkataba uwe hata ukurasa mmoja. Uandikwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, aina ya maua na aina mbadala yakikosekana, nani anabeba hasara yakifika yamekufa, nani anakuja kubomoa usiku, na vyombo vikivunjika vinalipwa vipi. Kipengele cha mbadala ndicho kinachosahauliwa zaidi. Bila hicho, ulitaka meupe, utaletewa ya chungwa na utaambiwa ndiyo yaliyokuwepo.

Nianze lini kutafuta?

Miezi mitatu kabla, na zaidi kwa misimu miwili. Wa kwanza ni wa korosho: minada ikianza Oktoba na fedha zikiingia, harusi zinafuatana na mafundi wazuri wanachukuliwa wote. Wa pili ni Mfungo Mosi, baada ya Idi, kwa kuwa watu wameusubiri mwezi mzima wa Ramadhani uishe. Wakristo nao husubiri Kwaresma ipite, na kuna miaka haya mawili yanakaribiana. Hapo hata ndoo za kukodi zinaadimika.

Harusi yangu ni ufukweni. Kuna cha ziada?

Upepo. Kuanzia Juni mpaka Septemba kusi linavuma, na lango la maua linaanguka kama halikufungiwa mifuko ya mchanga miguuni. Vyombo viwe vifupi na vizito. Maua yatoke kivulini dakika za mwisho, maana upepo wa bahari unayakausha hata siku ya mawingu. Mpeleke mpambaji pale saa ile ile ya sherehe, siku yoyote kabla, asimame ahisi mwenyewe.

Ukumbi una mpambaji wake na unanilazimisha nimchukue.

Uliza kabla hujalipia ukumbi. Baadhi watakuruhusu umlete wako kwa malipo ya ziada. Ukishalipa, huna nguvu tena.

Sponji la kijani ni lazima?

Si lazima, na mimi nalipunguza, kwa kuwa ni plastiki na haliozi. Waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo unashika mashina vizuri na unatumika tena. Kama fundi wako analitumia, mtazame anavyolilowesha. Linaachwa lizame lenyewe. Akilisukuma kwa mkono, katikati panabaki pakavu, na shina lililoangukia pale litanyauka kabla ya chakula.

Nimebakiza wiki mbili na sina mtu wa maua.

Punguza kazi mpaka vitu vinne: shada, maua ya kifuani ya bwana harusi na wasimamizi, meza kuu, na lango. Usitaje aina ya ua, taja rangi tu, na rangi yenyewe iwe nyeupe na kijani, kwa sababu nyeupe utaipata kwa aina yoyote itakayokuwepo. Majani yote yawe ya hapa. Ongea leo na mtu wa kupokea mzigo uwanja wa ndege au stendi, uchukue na namba ya anayesafiri nao. Na chumba cha kuyalaza maua kitafute kabla hujatafuta wa kuyafunga, ukitoe matunda, ukifagie, uweke ndoo nne safi, ufunge mlango.